Majibu ya Mama Mwiko

Mama Mwiko alikipikia kiwanda cha sabuni kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mbeba magunia na mdomo usiomwogopa mtu. Ukirudi na sahani kuomba nyongeza kabla ya wenzako waliokuwa bado kwenye foleni, alikugonga vidole kwa mwiko wake, na jina likatokea hapo. "Tumbo lako limefungua tawi?" alikuwa akiuliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. Tulicheka, tukala. Hakuna aliyewahi kurudi kwenye mashine na njaa.

Mimi nilikuwa idara ya kufungasha, meza moja na mdogo wake. Ungewaona wawili hao usingeamini kuwa wamenyonya ziwa moja. Mdogo mtu alikuwa na mwili wa kitoto na sauti ya kuomba radhi, hata alipokuwa akikusalimu. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, alipitia jikoni kwanza. Tulimtania kwamba bado hajaacha kunyonya. Kumbe alikuwa akienda kumeza dawa. Alikuwa anaishi na virusi tangu mwaka wa pili wa ndoa yake, na kwa kuwa alikaa na mama mkwe anayepekua hata mito, dawa zake zilikaa kazini, ndani ya kopo la majani ya chai kwenye rafu ya juu ya jiko la dada yake. Mumewe alijua. Dada yake alijua. Sisi wengine hatukujua, na ilikuwa heri.

Nasema ilikuwa heri kwa sababu naujua mtaa wetu. Umezika sana. Karibu kila nyumba ina picha ukutani ya mtu aliyeondoka kijana, na karibu wote tunawakumbuka namna moja: alianza kukohoa, akakonda, akajifungia ndani. Basi mtu akikohoa wiki tatu, watu hawamuulizi anaumwa nini. Wanaanza kumhesabia siku.

Mama Mwiko alianza kukohoa msimu wa vumbi. Mwanzoni tulisingizia moshi. Kisha kamba za aproni yake, zilizokuwa hazitoshi kufunga fundo, zikaanza kuzunguka kiuno mara mbili. Wa kwanza kulisema alikuwa fundi wa mitambo, mwanamume tuliyemwita Redio kwa sababu habari ikimfikia saa tatu, saa nne imefika hadi kwa walinzi wa getini.

"Mnaona shingo ile?" alituuliza mezani, akipunguza sauti kidogo tu. "Hiyo si shingo ya moshi."

Siku hiyo nilimaliza chakula changu. Kesho yake nilibakiza nusu.

Mama Mwiko hakungoja kusukumwa. Alikwenda kliniki mwenyewe, akatoa makohozi, akaambiwa ni kifua kikuu. Muuguzi akamweleza dawa ni za miezi sita, asiruke hata siku moja, na asishtuke mkojo ukibadilika rangi. Akampima na virusi pia, kama wanavyopimwa wote wenye kifua. Majibu yalikuwa safi: hana. Akaandikiwa cheti chenye mhuri. Alikikunja mara nne, akakitia kwenye pochi, akarudi nyumbani kulala. Alipumzika mwezi mzima, hadi daktari aliporidhika kwamba hawezi tena kumwambukiza mtu.

Lakini mke wa Redio alikuwa amemwona kwenye foleni ya dirisha la kifua kikuu. Inatosha. Kabla ya wiki kuisha kikombe chake cha bati kilikuwa kimetupwa jalalani, na benchi alilopenda kukalia akichambua maharage limetolewa nje na kumwagiwa dawa ya choo. Mwiko wenyewe mtu aliutia kwenye tanuri la boila. Hakuna aliyesema ni yeye, na hakuna aliyeuliza.

Alirudi Jumatatu na barua ya daktari. Akapika wali na maharage kama zamani, akafungua dirisha la kugawia, akasimama na upawa mpya mkononi. Tulikuwa watu mia moja na ishirini. Hakuinuka hata mmoja. Kila mtu alikuwa amekuja na mkate au kiazi kutoka kwake, tumevificha mapajani kama wezi. Alisimama pale hadi kengele ikalia. Sufuria lote likamwagwa.

Ikawa hivyo siku tatu. Siku ya nne meneja, mtu mwoga aliyependa amani kuliko haki, akatuita ukumbini.

"Barua ya daktari ninayo," alisema. "Inasema mama huyu anatumia dawa na haambukizi. Sasa nataka kujua tatizo ni nini."

Redio akasimama. "Bosi, barua inataja kifua. Haitaji kilicholeta kifua."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mama Mwiko alikuwa amesimama karibu na mlango wa jiko, mikono nyuma.

"Sema unachotaka kusema," alimwambia. "Usinizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Wachache wakacheka. Redio hakupenda kuchekwa. "Haya. Sote hapa tumeuguza, tunajua kifua hicho huwa kinafuatana na nini. Kama hunao, si unacho cheti? Tuonyeshe, tule, yaishe."

"Na kama ninao?"

"Basi chakula chetu usikiguse."

"Kwani wewe unaambukizwa kwa maharage?"

Vicheko vikazuka tena, ila safari hii vifupi. Mwanamke mmoja wa idara ya kuchemsha akapaza sauti: "Usitutanie! Sisi tuna watoto!" Mwingine akasema aondoke, mwingine akasema mtu wa namna hiyo angejua aibu asingerudi. Namna hiyo. Walisema neno hilo kama mtu anayetema kitu kilichoingia mdomoni kwa bahati mbaya.

Mama Mwiko akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Cheti kilikuwa humo. Aliniambia baadaye alikuwa amekuja nacho makusudi, na asubuhi ile alikuwa ameamua kukitoa na kumbandika nacho Redio usoni. Lakini kabla hajakitoa alimtazama mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kando yangu. Alikuwa ameshika karatasi ya kufungia sabuni, anaikunja na kuikunjua, macho yako miguuni. Mama Mwiko akaona jinsi mambo yatakavyokuwa. Atasema, "Mimi sina." Ukumbi utashusha pumzi, watapanga foleni, watakula. Na kila atakayekula atakuwa amekubaliwa kwamba alikuwa na haki ya kuuliza. Siku watakapomgeukia yule mdogo, yeye dada mtu atakuwa ndiye aliyewafundisha.

Akatoa mkono mtupu.

"Kifua nilikuwa nacho," alisema. "Nakitibu, na siambukizi. Hilo ndilo linalowahusu. Majibu mengine ni yangu, mtanizika nayo."

"Mmemsikia!" Redio alipiga kelele. "Amekiri!"

"Sijakiri kitu, mjinga wewe."

Lakini ukumbi ulikuwa umeshachukua jibu lake. Redio akaomba wanaotaka mpishi abadilishwe wanyooshe mikono. Meneja angeweza kukataa. Akatazama dirishani. Mikono ikapanda. Wangu ulipanda, sitaficha. Na pembeni yangu, polepole kama mtu anayenyanyua ndoo iliyojaa, ukapanda mkono wa mdogo wake.

Mama Mwiko aliuona. Alifungua kamba za aproni, akaiweka juu ya kaunta, akatoka kwa mlango wa nyuma. Meneja alimpangia kufagia ghala la maboksi. Alifagia siku tano, kisha hakuja tena.

Mpishi mpya alikuja na mikono ya kumwaga chumvi. Alipokuwa akipanga rafu alikuta kopo la majani ya chai, akalifungua, akakuta chupa ya vidonge. Angeweza kulirudisha mahali pake. Alimpelekea Redio. Mdogo mtu alikuwa ameshakosa dawa siku tatu, maana mpishi mpya alikuwa hamruhusu mtu kuingia jikoni, naye hakupata la kumwambia.

Mchana ule Redio alipanda juu ya benchi na ile chupa mkononi, akiitikisa ilie.

"Si niliwaambia? Za Mama Mwiko hizi! Miaka kumi na mmoja anatupikia, zimekaa juu ya vichwa vyetu!"

Watu wakaanza kuzozana. Wengine walishika matumbo, mwingine akakimbilia nje eti anataka kutapika. Meza yetu nasi tulikuwa tunatikisa vichwa, tunasema mimi nilijua, mimi nilijua tangu zamani. Mdogo mtu akasukuma kigoda chake nyuma. Nilidhani na yeye anakwenda kutapika. Alitembea hadi kwenye benchi, akanyoosha mkono juu.

"Nipe," alisema.

Redio hakuelewa. "Nikupe nini?"

"Dawa zangu. Jina limeandikwa, kama unajua kusoma." Sauti ilikuwa ile ile ndogo, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba ilitosha. "Dada yangu hana. Alipimwa, hana. Alikataa kuwaambia kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliye nao, na hakuna aliyekufa hapa. Nipe, nimeshakosa siku tatu."

Redio aliishusha chupa taratibu, akaiacha ianguke kwenye kiganja chake bila kumgusa. Mdogo mtu akamimina kidonge, akachukua kikombe cha maji cha meza ya karibu, akameza mbele yetu sote. Mwenye kikombe hakukitaka tena.

Ungetegemea niseme tuliona haya, tukamkumbatia. Hapana. Tuliporudi kwenye meza, kila mtu alikuwa amevuta kigoda chake. Mimi pia. Tulimwachia upande mzima wa meza peke yake, na hadi jioni tulizungumza na kuta. Mama mkwe wake alipata habari kabla hajafika nyumbani, akamtolea nguo zake barazani. Mumewe, kwa kweli nitamsifu hapo, alizikusanya nguo, akakusanya na zake, wakaondoka pamoja. Walikwenda kwa Mama Mwiko.

Na Mama Mwiko badala ya kumpongeza alimfokea. Alikuwa mezani anahesabu vidonge vyake mwenyewe, anaviita askari, maana alisema kila asubuhi huwatuma vitani.

"Nani alikutuma?" alimwuliza. "Nimepoteza kazi kukufichia, wewe unakwenda kujitangaza juu ya benchi?"

"Sikupanda benchi, dada. Aliyepanda ni Redio."

"Usinijibu!"

"Nilinyoosha mkono," mdogo wake akasema. "Siku ile. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Uliogopa. Hata mimi niliogopa. Kaa chini, umekonda kuliko mimi mgonjwa."

Walikaa. Mume alibaki mlangoni na mabegi, hajui ayaweke wapi, hadi Mama Mwiko alipomwuliza kama anangojea basi.

Haya nimeyajua kwa kuwa nilikwenda kumwona. Sitadai kwamba nilikwenda kwa moyo safi. Miezi mitano ilikuwa imepita, chakula cha kantini kimekuwa adhabu, watu wamelalamika hadi meneja amechoka, na akanituma mimi, kwa kuwa aliona niliwahi kuelewana na dada hao. Nilimkuta uani anaanika nguo. Mashavu yalikuwa yamerudi. Nilimwamkia, akaitikia. Hakunikaribisha kiti.

Nilimwomba radhi kwanza. Alinisikiliza, kisha akanieleza yote mwanzo hadi mwisho, wima vile vile, mikono ikiendelea kubana nguo kwenye kamba. Alipomaliza nikamtolea ujumbe wa meneja: jiko ni lake akilitaka, na wafanyakazi wote wameafiki.

"Redio naye ameafiki?"

"Ndiye aliyeanza kulisema."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. "Anasema chakula cha huyu mpishi mpya hakiliki."

Alicheka hadi akashika nguzo ya kamba, na nilisikiliza kicheko hicho kwa makini: hakikuwa na kikohozi ndani yake. Kisha uso ukafunga.

"Kwa hiyo sasa ninafaa, kwa sababu mmeshasikia kwamba sina. Na mdogo wangu, mmeshamsogezea vigoda?"

Akachukua shuka la mwisho, akalitupia kwenye kamba.

"Kamwambie meneja nimepona, na sirudi. Na wewe ukirudi hapa, uje umekaa naye meza moja. Bila hivyo usinipigie hodi."

Siku hizi anawapikia mafundi wanaojenga maghala upande wa pili wa reli. Siku ya kwanza aliwaambia mwenyewe kwamba aliugua kifua akapona, na asiyetaka aondoke na njaa yake. Wawili waliondoka. Mmoja akarudi. Mdogo wake bado yuko kwetu anafungasha sabuni, amenenepa kidogo, na salamu zake hazina tena sauti ya kuomba radhi. Nilirudisha kigoda changu wiki ile ile niliyotoka kwa dada yake. Siku mbili za kwanza hakunisemesha. Siku ya tatu alinisukumia gundi bila kuniangalia, akaniambia maboksi yangu yanafunguka chini, niwe mwangalifu.