Funda la Mwisho la Mjomba Zephaniah

Mjomba Zephaniah alizaliwa milimani juu ya Mwatate, na Mto Voi ukijaa alikuwa akingoja siku tatu ndipo avuke. Sasa niambie mtu kama huyo alifuata nini melini. Mwaka wa 1954 aliandikwa kazi ya upishi kwenye meli ndogo ya mizigo kutoka Mombasa, na meli hiyo, bila kumwuliza mpishi, ikagonga mwamba na kuzama.

Alijikuta kwenye mashua ndogo na Munyao, mchochea makaa kutoka Kibwezi. Walikuwa na makasia mawili na debe la maji. Siku ya tatu Munyao akachungulia debe, kisha akamtazama mjomba.

"Wewe Mtaita, unakunywa nikilala."

"Mimi mtu wa kanisa, niibe maji?"

Basi wakanuniana. Kila mmoja alivuta kasia lake mwenzake akipumzika, na mashua ikazunguka pale pale kama kuku aliyefungwa mguu. Siku mbili nzima! Hadi leo nikisimuliwa hasira hunipanda. Watu wazima wawili wafe kwa kununa?

Siku ya tano yalibaki mafunda mawili. Mjomba aliujua ugonjwa wao. Kwetu Wadawida, yaani sisi Wataita wa milimani, kinyongo huua, na dawa yake ni kutasa: unajaza funda mdomoni, unalinyunyiza nje, unasema linalokuchoma na kuliachilia. Kanisa lilikuwa limelikataza jambo hilo, na mjomba mwenyewe aliwahi kumshtaki jirani kwa kulifanya. Lakini siku hiyo alijaza funda, akalinyunyiza baharini.

Munyao alimrukia kooni. "Umemwaga maji ya kunywa! Uko na wazimu?"

"Nilikunywa ukilala," mjomba akasema. "Mara mbili. Nisamehe, ndugu yangu. Na mimi sina kinyongo na wewe tena. Sasa ni zamu yako."

Munyao alilitia mdomoni funda la mwisho. Mashavu yakajaa, koo likacheza. Mjomba anaapa hajawahi kumwomba Mungu kwa nguvu kama wakati ule. Kisha pfuu! Maji yote yakamwishia mjomba usoni.

"Mimi mara nne," Munyao akasema, akaangua kilio.

Walilia, wakacheka mpaka midomo iliyopasuka ikatoa damu. Halafu wakashika makasia kwa pamoja, wakavuta kuelekea jua linakotua. Kesho yake mchana wanawake waliokuwa wakitafuta pweza karibu na Vanga wakawaona.

Nyumbani waumini waliimba, kisha mchungaji akauliza ni sala gani iliyowaokoa. Mjomba hakuficha. Akatengwa na meza ya Bwana miezi sita na kuketishwa nyuma kabisa. Mkewe Jedidah alilia kwa aibu njia nzima.

"Nyamaza, mama Crispus," mjomba akamwambia. "Mungu aliyenisikia katikati ya bahari, atashindwa kunisikia benchi la nyuma?"