Nilipoviruka Viatu vya Baba

Harufu ya mafuta ya ng'ombe yakiyeyuka kwenye kopo ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Baba aliyapaka kwenye viatu vyake vya kuchezea mpira, akavianika mlangoni, na hakuna mwanamke, hata mama, aliyeruhusiwa kuvigusa wala kuviruka, asije akavitia mkosi. Katika miaka ya sabini alikuwa mshambuliaji wa kati wa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga. Kiwandani aliandikwa fundi, ila sikuwahi kumwona na spana. Kazi yake ilikuwa magoli. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kiwanda, na mchezaji aliyeachwa na timu alihama na familia yake. Mashabiki walimwita Radi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na maswali yangu yaliwachosha watu wote wa nyumbani.

Wiki ya mechi na timu ya Tabora, baba alirudi kutoka mazoezini akichechemea. Siku tatu nilimkanda goti kwa maji ya moto na chumvi, mlango umefungwa. "Usimwambie mtu, Kabula," alisema. "Hata mama yako anajua nimejikwaa kidole tu." Jumapili asubuhi maziwa yakafurika jikoni. Nikakimbia kuyaepua, nikaviruka viatu. Mama Shija, jirani yetu, aliniona, akashika kichwa.

Uwanjani baba alibaki peke yake na kipa. Akageuka apige, goti likakataa, akaanguka kama robota la pamba. Tukafungwa moja. "Radi gani hii, hata kuunguruma haiwezi!" walizomea. "Kauza mechi huyo!" Jioni wazee wa timu walijaa uani kwetu pamoja na mganga wao, na Mama Shija akaeleza alichokiona. Mganga akaniuliza nilitanguliza mguu upi. Nikasema sikumbuki, nikamgeukia baba. Nilisubiri neno moja tu: goti. Baba akatazama chini. "Ni huyu," akasema. "Mtoto huyu hasikii." Wakafurahi, naam, nyuso zao zilifunguka: mshambuliaji wao ni mzima, mbovu ni binti yake. Kesho yake nikapandishwa lori lililokuwa likifuata tumbaku, nikapelekwa kwa bibi, kijijini Ushetu, nisionekane mpaka ligi iishe. Habari zilinitangulia. Watoto wa huko, wakiwa wamekaa chini, waliponiona nakuja walikunja miguu upesi, nisije nikairuka.

Baba alicheza msimu mmoja zaidi, goti likaisha kabisa, nyumba tukaiacha. Likizo hii nimetoka chuo kikuu nikamkuta kwenye kigoda kizingitini, mguu umenyooka kama ubao. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza kwa nini siku ile hakulitaja goti. Hakukana.

"Ningesema goti, wangetutoa kwenye nyumba wiki ile ile. Wewe ulikuwa mtoto, Kabula. Nani angekufukuza wewe?"

Nimesoma jinsi goti linavyoungwa na linavyokatika, na siamini mganga yeyote. Baba bado anaamini. Mguu wake ulikuwa umeziba mlango. Aliushika kwa mikono miwili ili aukunje, lakini alichelewa. Nikauruka, taratibu, nikaingia ndani.