Siku Tano Papa Rukundo Hakulala

Watu wa Bihambwe wanapenda kusema bwana yangu alikuwa mwenda wazimu. Waseme. Mimi Thacienne nililala na yeye kitanda kimoja miaka kumi na sita, na ninawaambia: Jean de Dieu alikuwa mulimaji, alikuwa mwimbaji wa korali, alikuwa papa ya mutoto wetu Rukundo, na alikuwa na ugonjwa. Muntu mwenye sukari, munamuita Sukari? Hapana. Basi mumuachie bwana yangu jina lake.

Ugonjwa ulianza mwaka ule Rukundo alipoacha kunyonya. Kwanza bwana yangu alipanda juu, furaha ikapita kipimo. Aligawia wapita njia mbegu yetu yote ya maharagi, akahubiria ng'ombe za jirani, akaniambia Mungu amemupa milima yote mpaka Walikale. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tatu sikucheka tena. Kisha akaanguka chini, miezi mbili uso kwa ukuta, haongei, haogi. Mimi na mama yake, tuliyekaa naye nyumba moja, tukamupeleka kwenye chumba cha maombi. Kule walimufunga kamba kwa mikono na kumunyima chakula siku saba ili pepo itoke. Kilichotoka njo nyama ya mwili wake. Alama za kamba zilibaki mpaka siku tulimuzika.

Njo akakuja muuguzi, infirmier Guy. Kijana mufupi, anaongea pole pole mpaka unatamani kumusukuma. Alikuwa amesomea magonjwa ya kichwa, na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alipokea wagonjwa wa namna ile kwenye centre de santé, kituo chetu cha afya. Hakuna kulazwa. Unakuja na muntu wako, anamuangalia, anamupa dawa ya mwezi, munarudi kulima. Lakini kabla ya kurudi, familia zote zinakaa kwa benchi na kuelezana. Pale njo nilijua siko peke yangu. Pale nilifahamiana na Mama Umugwaneza, binti yake Shekinah iko na ugonjwa ule ule wa kupanda na kushuka.

Guy alipatia kila familia kaye, daftari ya kuandikia. "Mama Rukundo," aliniambia, "huu ugonjwa hauishi, unachungwa. Dawa peke yake haitoshi. Kila asubuhi uandike kama amelala ao hakulala, juu usingizi njo unaharibika kwanza. Akikosa kulala siku mbili za kufuatana, usingoje Alhamisi. Umulete siku ile ile. Nitamubadilishia kipimo cha dawa, atatulia."

Niliandika miaka ine. Miaka ine bwana yangu aliimba korali, alibishana na mimi juu ya chumvi, alimufundisha Rukundo kusoma. Mara mbili usingizi ulikatika, mara mbili nilimukokota mpaka kwa Guy, na mara mbili akatulia. Kumbe muntu anaweza kuishi hivi! Nilikuwa nashangaa sana, na nilikuwa namukasirikia Mungu kwa ile miaka tuliyopoteza.

Kisha vita ikatufukuza. Guy, kabla hatujakimbia, alitufungia dawa ya miezi tatu, na Papa Rukundo hakukosa kidonge hata kimoja. Tuliporudi, sisi na Guy pia, mwezi wa munane ulikuwa unaisha na shamba lilikuwa limegeuka pori. Mbegu tulipewa kidogo na kanisa. Rukundo alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Na mvua ya mwezi wa tisa, munaijua, haingoji muntu. Asiyepanda kabla yake atakula macho.

Njo bwana yangu akaanza kutoka kabla ya jogoo. Siku ya kwanza alifyeka nusu ya pori. Siku ya pili akamaliza, akaanza kulima. Siku ya tatu alilima letu, akavuka akalimia mujane wa jirani, akaenda kulima la kanisa. Akirudi anaimba, macho yanawaka, maneno yanakimbizana mudomoni. Sisi watu wa milima tunapima mwanaume kwa jembe. Wamama walinisimamisha kwa njia: "Ee Mama Rukundo, bwana kama huyu ulimutoa wapi? Utuazime!" Pasta alimutaja kanisani, watu wakapiga makofi. Na mimi nilicheka nao, kichwa juu, kama bibi-arusi.

Nilijua. Nisidanganye watu tena. Nilijua tangu siku ya pili, juu upande wake wa kitanda ulikuwa baridi. Asubuhi nilifungua kaye nikaandika: amelala vizuri. Kesho yake nikaandika tena: amelala vizuri. Siku tano. Nilijiambia, amalize ile sehemu ya chini tu, Jumatatu nitamupeleka. Dawa ya Guy ikimutuliza leo, nani atalima?

Jumatatu sikumukuta. Alikuwa amemuambia mama yake kwamba anaenda kuwaita wale vijana wa bunduki waje kulima. Siku mbili tulimutafuta. Siku ya tatu Esdras, motard anayebeba watu kwa pikipiki barabara ya Kalembe, akamurudisha, amefungwa nyuma ya pikipiki ndani ya shuka. Alisema Papa Rukundo alifika akiimba kwa bariyeri yao, pale wanafunga barabara, akawaambia waweke bunduki chini, yeye atawapa mashamba. Walimuambia asimame. Hakusimama.

Alhamisi ya kwanza ilipofika, sikutaka kwenda. Mama mukwe wangu, Mama Marie, alinishika mukono, tukaenda kurudisha kaye. Guy aliifungua mbele ya familia zote. Akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena.

"Alikuwa analala," alisema. "Mama Rukundo, nisamehe. Dawa njo imeshindwa. Ao mimi njo sikuona kitu."

Kijana wa watu alilia pale mbele yetu. Na mimi nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, niliangalia vidole vya miguu yangu.

Mama Umugwaneza akasimama na kidonge cha Shekinah mukononi. "Kama dawa imemushindwa Papa Rukundo, aliyeimeza bila kukosa na kulala vizuri, Shekinah wangu itamusaidia nini? Mimi naacha leo. Namurudisha kwa maombi."

Wengine wakaitikia, eeh, eeh. Shekinah alikuwa amekaa kando ya mama yake. Niliangalia mikono yake. Ilikuwa mizima, bila alama ya kamba.

"Kaa chini, Mama Umugwaneza!" Nilipiga kelele mpaka mimi mwenyewe nikashituka. "Dawa haikushindwa. Nilidanganya! Siku tano hakulala, na mimi niliandika amelala, juu nilitaka shamba liishe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi njo nilificha, na yeye njo amekufa."

Mama Marie aliinuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka bila kuniangalia. Mama Umugwaneza alikaa chini pole pole, na kidonge cha Shekinah kikabaki ndani ya mukono wake. Guy alijipangusa macho, akachukua kalamu, na kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye alama za hatari za ule ugonjwa, akaongeza mustari: kulima bila kuchoka. Akasema kila mwezi wa tisa atapita mwenyewe nyumba kwa nyumba, na atauliza majirani pia. Ni vizuri. Kwangu imechelewa, lakini ni vizuri.

Nilirudi nyumbani nikijua nitakuta nguo zangu zimetupwa inje. Ni haki ya Mama Marie, ni mutoto wake nilimuua. Nilimukuta jikoni, anakoroga sombe, majani ya muhogo.

"Kila siku nilimuchemushia uji kabla hajatoka," alisema, mugongo wake ukiwa kwangu. "Nilimusikia usiku, halali. Nilisema, acha apate nguvu, shamba linaisha. Mimi niliyemuzaa, Thacienne. Niliona ule ugonjwa kabla yako."

Nikakaa chini kando yake. Tangu tumuzike tulikuwa hatujalia pamoja, kila mumoja alikuwa anamukimbia mwenzake. Siku ile tulilia mpaka sombe ikaungua, na Rukundo akaingia mbio akiuliza ni nani tena amekufa.