Ng'ombe Niliowaita Nyumbani

Mwaka niliofanywa mkuu wa soko letu, huku upande wa Kimulot, nilikuwa tayari na duka la mabati na kinu cha kusagia mahindi kilichozungushwa na maji ya mto. Mimi ndiye niliyegawa viwanja na kuamua ugomvi wa wachuuzi. Bwana DC akija, mimi ndiye niliyesimama mbele, nimevaa koti zito hata jua likiwaka. Mjinga akipewa cheo hasikii joto. Nyumbani nilikuwa na binti wa miezi mitatu. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, na mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe.

Kitu kimoja kiliniuma: utajiri wangu haukuonekana. Sisi Wakipsigis hatukuweka ng'ombe wote mahali pamoja. Unampa rafiki wawili, mwingine watatu, awachunge na kunywa maziwa yao, nao wabaki kuwa wako. Hiyo ndiyo kimanagan. Basi ng'ombe wangu walikuwa wametawanyika kuanzia Merigi hadi njia ya Mulot, na mgeni akifika kwangu aliona watano tu, wamekonda. Walowezi wa Kizungu, wenzangu wa biashara kama nilivyojidanganya kuwaita, walikuwa na mifugo ndani ya ua mmoja. Nikanunua seng'enge, nikatuma habari kila upande: waleteni wote.

Rafiki yangu wa Merigi, niliyetahiriwa pamoja naye, alileta watatu aliokaa nao miaka minane. Yeye mwenyewe hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Si ati nimechoka nao," aliniambia. "Lakini ukiweka wote boma moja, ugonjwa ikikuja itamaliza wote."

"Sema tu unaogopa kukosa maziwa," nikamjibu, pale pale sokoni.

Watu walicheka, maana mkuu akitania ni lazima wacheke. Yeye alimpapasa shingo ng'ombe mweupe kati ya wale watatu, akarudi kwake.

Sikio la kufa halisikii dawa. Homa ya mapafu iliingia kabla ya mvua. Walianza kukohoa wawili karibu na lango, kisha boma zima. Nilikuwa nimewasogeza karibu mno hata ugonjwa haukuhitaji kutembea. Sikubakiwa na hata ndama. Ng'ombe wa majirani nao walikufa, na lawama walinitupia mimi, kwa haki.

Mtoto akakosa maziwa. Uji ulimharisha. Alilia siku mbili, halafu akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikachukua kibuyu, nikaenda Merigi kwa miguu, mimi mkuu wa soko, mbio kama mwizi; hofu ilinisahaulisha ng'ombe wa kule walikuwa wa nani.

Rafiki yangu alikuwa shambani. Mkewe alinitazama, akatazama kibuyu.

"Mzee, hapa tulikuwa tunakamua wako," alisema polepole. "Tangu uwachukue, watoto yetu wanakunywa uji tu."

Hakusema kwa hasira. Aliingia ndani, akanijazia uji wa wimbi, kwa sababu ndio aliokuwa nao. Watoto wake walikaa kando ya ukuta wakiufuata kwa macho. Niliupokea. Hata leo sijui kwa nini niliupokea.

Binti yangu alikufa siku ya tatu baada ya safari ile. Rafiki yangu alikuja, akakaa nami kutwa nzima bila kunilaumu. Ningeshukuru kama angenitukana.

Mwaka uliofuata binti yake mkubwa aliolewa, na rafiki yangu akapata ng'ombe wa mahari. Asubuhi moja nilimwona akipanda kilima na mmoja wao, aliyezaa karibuni, ndama akimfuata nyuma.

"Huyu ni wangu," alisema. "Kaa naye. Wewe kunywa maziwa."

Alikuwa ng'ombe mzuri, mpole. Kila asubuhi nilichuchumaa nikamkamua mpaka chombo kikajaa, kisha nikakaa nacho mkononi. Nyumba ilikuwa kimya, na maziwa yalipoa bila kunywewa.