Kache na Mistari Mia Tatu

Kache wa Ziro hakulia mumewe alipozikwa, na hilo watu wa Kulesa hawajalisahau. Wanawake walijitupa chini, yeye akauliza kama maji ya wageni yametosha. Waliosema ana roho ngumu walisema. Waliosema atalia baadaye walingoja mpaka wakachoka. Mwaka ukaja, ukapita, Kache analima, anapika, anakwenda kanisani, anarudi. Ukimwambia mto umejaa, anasema haya. Ukimwambia mbuzi amekufa, anasema haya. Wala hakuwa anaficha kitu. Alijitazama ndani akakuta pametulia tu, kama nyumba iliyohamwa.

Shingo yake ngumu ndiyo haikuhama. Hiyo aliibakiza, kila mtu aijue.

Mwezi wa nane binti yake wa tatu, Cynthia, akaja likizo. Huyu ndiye aliyesoma mpaka watu wakaacha kuuliza yuko darasa la ngapi. Yuko chuo kimoja Nairobi, anatafuta shahada ya udaktari, na si udaktari wa sindano. Alipita Garsen akachapishiwa karatasi mia tatu kwa Abdikarim mwenye duka la kuchapisha, kila moja ina mstari mmoja tu. Abdikarim alipoiona mistari akampa pole, akidhani ni vipimo vya moyo vya mgonjwa.

"Mama, nataka unisaidie kazi ya chuo," Cynthia alisema asubuhi, chai bado iko mezani.

"Ya kufua?"

"Ya kutazama."

Akamweleza. Wanachukua uzi mwembamba wa dhahabu walioupaka dawa fulani, wanauvuta mpaka unakatika. Pale unapokatika panabaki upenyo mdogo mno, na chembe moja ya ile dawa, wenyewe wanaiita molekuli, inajishika huku na huku kama mtu aliyekanyaga kingo mbili za mfereji. Wanapitisha umeme, wanapima unaopita kwa huyo mmoja.

"Huyo mmoja umemwona?"

"Haonekani, mama."

"Sasa umejuaje yupo?"

Cynthia akatoa karatasi. Mstari ulianzia juu kushoto, ukaporomoka. "Uzi ukikatika, umeme unaanguka hivi. Lakini molekuli ikishika, mstari unasimama kwanza njiani. Unaona hapa? Kama kingazi. Halafu ndio unaanguka."

"Naona. Haya."

"Na molekuli hii inageuka kwa mwanga. Ukiimulika mwanga wa zambarau, inapitisha umeme. Ukiimulika wa kijani, inakataa. Swali ni hili: ukiirudishia zambarau, inarudi kupitisha?"

"Inarudi?"

Cynthia akakohoa. "Mimi nimesema inarudi."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Alikuwa amewaambia walimu wake inarudi, ameandika makala, na wataalamu waliopewa kuisoma wakamrudishia swali: nani alisema mstari huu una ngazi na huu hauna? Ni yeye mwenyewe. Na alipokuwa akichagua, alijua kila mstari umetoka kwenye mwanga gani. Basi wakataka mtu mwingine aipange, mtu asiyejua lolote. Akikubaliana naye, Cynthia anamaliza Desemba. Asipokubaliana, miaka mitatu imekwenda na maji.

"Wenzako huko chuoni hawana macho?"

"Wanajua ninachotaka. Nahitaji mtu asiyejua."

"Mjinga."

"Asiyejua, mama."

"Sema mjinga, mdomo hautakuchanika. Lete."

Wakatandika mkeka sebuleni. Mistari mia ilikuwa ya kabla ya kijani, mia ya baada ya kijani, mia ya baada ya kurudishiwa zambarau, na karatasi zote zilikuwa zimechanganywa kama karata. Nyuma ya kila karatasi palikuwa na nambari, na nambari ipi ni ya mwanga upi ilikuwa kwenye daftari la Cynthia. Yenye ngazi kulia, isiyo na ngazi kushoto. Kache akakaa, Cynthia akakaa mbele yake.

Hulda, jirani yao Mpokomo, akachungulia mlangoni. "Hee! Kache umeanza kupiga ramli? Hebu nitazamie, mume wangu wa pili mrefu au mfupi?"

"Mfupi, na hana meno. Toka mlangoni, unaniziba mwanga."

"Huyo asiye na meno ndiye mzuri, hali sana!" Hulda akaenda zake akicheka peke yake.

Karatasi zikaendelea. Nyingi hazikuwa na ubishi. Lakini zilikuja nyingine ambazo mstari ulisita kidogo tu, huwezi kuapa kwamba umesimama wala kwamba haukusimama. Ilipofika kama ya hamsini, Kache akainua moja ya hizo, na mkono ukaenda kulia wenyewe. Akajiuliza kwa nini. Akamtazama mwanawe.

Cynthia alikuwa ameuma mdomo wa chini. Tangu yuko mgongoni, mtoto huyu akitaka kitu bila kukiomba huuma mdomo wa chini.

Kache akainua nyingine yenye shaka, lakini safari hii hakuitazama karatasi, alitazama uso. Mdomo ukaumwa. Akaiweka kulia. Akainua nyingine. Uso mkavu. Kushoto. Akaenda hivyo karatasi sita, saba, wala hakukosea hata moja, na alijua hakukosea. Kila akiinua, nambari ya nyuma ilimwelekea Cynthia, na Cynthia nambari zile alizijua kwa moyo.

Basi jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Miaka mitatu ya mtoto iko mkononi, ni kufuata mdomo tu mpaka karatasi ziishe, na Desemba watu wa Kulesa wanakodi gari kwenda kupiga vigelegele. Mama mwingine angempa. Kache akajipapasa ndani kutafuta kile kinachomfanya mama atoe, akakuta palepale pametulia. Alichokiona ni udhia tu. Ameombwa macho, halafu mtu anamwonyesha jibu kwa mdomo.

"Toka nje," akasema.

"Nimefanya nini?"

"Uso wako unasema. Unaziona nambari. Toka, na daftari lako."

"Mama, umeshafika hamsini na kitu!"

"Nitaanza moja."

Akazichanganya zote upya, Cynthia akisimama mlangoni kama mtu aliyefukuzwa msibani. Halafu akajiwekea sheria yake. Anaweka ukucha wa kidole kidogo kwenye mstari. Ukucha ukipata pa kukaa, kulia. Ukiteleza, kushoto. Hakuuonea mstari wowote wala hakuupendelea. Jua likapanda, ugali haukupikwa, kuku wakaingia wakatoka. Alipomaliza akaita.

Cynthia akafungua daftari, akahesabu kwa muda mrefu. Akahesabu tena. Kabla ya kijani, zenye ngazi zilikuwa sitini na tatu katika mia. Baada ya kijani, nane. Baada ya kurudishiwa zambarau, kumi.

"Mimi nilipata hamsini na moja," alisema. "Hapo pa kumi."

Kache akaanza kuzikusanya karatasi.

"Panga tena, mama. Kesho, ukiwa hujachoka."

"Sijachoka. Nimepanga."

"Zile zenye shaka ungeniachia."

"Nilikuwa nakuachia. Ndiyo maana nikakutoa nje."

Cynthia akalia, bila kuficha uso, kamasi kamasi, kama alivyolia siku ya babake. Kache alimtazama. Aliona machozi ni maji, aliona mabega yanapanda na kushuka, akamsogezea kanga ajifute.

"Hata huruma hunionei."

"Naitafuta," Kache alisema. "Siioni, mwanangu. Tangu babako. Nikiipata nitakuambia."

Cynthia akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike. Walikaa hivyo mpaka kilio kikaisha chenyewe, ndipo akavuta kompyuta mapajani na kuanza kumwandikia mwalimu wake mkubwa. Hairudi. Ikishazimwa na kijani ikiwa juu ya dhahabu, hairudi, na makala ile mwalimu airudishe, yeye ataiandika upya. Alisoma kwa sauti ili mamake asikie, na sauti haikukatika.

"Wanataka jina la aliyepanga," akasema. "Nikuandikeje?"

"Kache wa Ziro, mkulima, Kulesa."

"Naandika: hakujua karatasi ipi ni ya mwanga upi."

"Usiandike uongo," Kache alisema, akizifunga karatasi kwa kamba. "Andika mara ya kwanza alijua, akakutoa nje, akaanza upya."

Cynthia akaandika.