Dirisha Lililotazama Bukavu

Katika nyumba yao ya Mururu, Patricie Mukamurenzi alipenda dirisha moja tu, la chumba cha mbele, lililotazama Bukavu ng'ambo ya mto. Huko alizaliwa na wazazi wakimbizi, huko akajifunza kuuza vitenge, hadi yeye na mumewe Anastase, mwalimu, waliporudi Rwanda mwaka 1995. Jioni alikaa hapo akiyatafuta kwa macho mabati ya mtaa wa Kadutu.

Nyumba ilijengwa kwa mkopo wa benki. Kufikia 1999, vita vikiwa vimeua biashara ya mpakani, mkopo huo ulikuwa umezungukwa na madeni mengine: saruji, ada za watoto, dawa, na likelemba, ule mchango wa wanawake ambao Patricie alishakula zamu yake bila kuwarudishia wenzake. Kila mwezi walimlipa mmoja na kumkwepa mwingine. Benki ilipokosa malipo ya miezi miwili, ikaleta barua ya kuinadi nyumba.

Kayitare, karani wa mikopo, akawapa njia: mkopo mpya kwa dhamana ya nyumba ileile, wa kufuta ule wa zamani na kuwalipa wadai wote kwa mara moja. Wangebaki wakidaiwa na benki peke yake, kidogo kidogo, kwa miaka sita. Lakini kila mdai aje kutia sahihi, na wenye nyumba waandike kwamba hawadaiwi na mtu mwingine yeyote.

Wadai wanne walikuja wakatia sahihi. Zamu ya Patricie ya kuandika ilipofika, akaiweka kalamu mezani. Alimkumbuka mzee Buhendwa wa Kadutu, aliyempa vitenge thelathini mwaka 1996 bila karatasi, akimwambia alipe akishauza. Majuma machache baadaye vita viliingia Bukavu, duka la mzee likaporwa, naye akafia njiani akikimbia.

"Maman Gaju, andika," Anastase alimnong'oneza. "Mzee alikufa. Nani atakuuliza?"

"Bibi yake, Véronique, iko. Anauza sabuni, na batoto banasoma kwa sabuni hiyo."

Kayitare akapiga hesabu, akasema deni la tano litaushinda mshahara wa mwalimu, na ombi lote litakataliwa.

"Tutapangisha chumba cha mbele," Patricie akasema.

Anastase alijua chumba kile kilikuwa nini kwa mkewe. Akamwomba Kayitare siku tatu za kumleta mdai wa tano.

Kesho yake Patricie alivuka daraja la Rusizi. Véronique, mjane wa Buhendwa, hakuwa na habari yoyote ya deni hilo. Alicheka akipangusa mikono yenye sabuni.

"Mzee hakuacha hata daftari. Ungenyamaza, dada, tungesalimiana tu kama kila siku."

"Njo maana nimekuja."

Wapo wanaouita ukimya wa namna hiyo werevu. Ni wizi, na vita havikuubadilisha jina.

Véronique alitia sahihi, mkopo ukapita, nyumba ikapona. Chumba alipanga Umuhire, muuguzi wa zamu za usiku, akatundika pazia zito ili alale mchana. Kwa miaka sita Patricie aliiona Bukavu pale tu alipoanika nguo nje.

Deni lilipokwisha, Umuhire alihama. Patricie akafungua dirisha, akavuta kiti. Vilima vya ng'ambo vilikuwa vimejaa mabati mapya, na paa la Buhendwa hakulipata tena. Hata hivyo alikaa akilitafuta, mpaka Anastase akaja na kiti cha pili.