Uso Nilioufuta

Nilimfuta mume wangu uso kila asubuhi kwa miezi minne. Wakati huo alikuwa na miaka miwili kaburini.

Msinicheke. Naandika kwa simu ya binti yangu, na shule yangu iliishia ya msingi. Mnivumilie.

Marehemu alikuwa mlinzi wa mlango mkubwa wa kampuni moja. Miaka kumi na tisa kwenye kiti kile kile cha chuma. Na alifia hapo hapo, asubuhi, watu wakiingia kazini.

Kampuni ikanipa kazi ya usafi. Nikamshukuru Mungu. Mlango wa nyuma, ndoo, kitambaa, basi.

Nikakuta watu wanamsema mama mmoja aliyekuwa mkubwa wa idara ya fedha pale pale. Suti, kalamu, hacheki na mtu. Eti kaacha kazi ghafla, kaenda kujifunza kuchora! Kafungua biashara ya kutundika maofisini picha za watu wa kila namna wanaofanya kazi humo. Wenye ulemavu, wazee, wageni, wa vyeo vya chini. Ili anayepitwa kila siku naye aonekane.

Tukambatiza Mama Rangi.

Mwishowe akaleta picha na kwetu, kumi na mbili, za penseli, bila kioo, ukumbi wa ghorofa ya juu. Karani wa kiti cha magurudumu. Fundi umeme, mwanamke. Mpika chai wetu na kibiongo chake.

Nilipoifikia ya mwisho, ndoo ilinitoka mkononi.

Mzee wangu! Kiti chake, kofia magotini, kichwa kimeinama, macho kafumba.

"Anasali," nikasema kwa sauti.

Nyumbani nilibaki na picha yake moja tu, ya kitambulisho, imepauka. Basi nikawa nafika kabla ya wenzangu. Kitambaa chenye maji, tone la sabuni. Namfuta paji, mashavu, mdomo. Namwambia habari za nyumbani.

"Baba watoto, mdogo kafaulu. Bati limevuja tena, lile lile ulilosema umeziba."

Kitambaa kilikuwa kinatoka na weusi kidogo. Nikadhani vumbi. Mimi, mtu wa usafi, nikadhani vumbi!

Siku moja mwenzangu, tunamwita Redio, akaja mbio.

"Mama weh, kimenuka! Uso wa mlinzi umefutika. Bosi anasema kuna mtu ana chuki. Picha zote zishushwe leo, zinachochea ugomvi."

"Zote?"

"Zote! Na Mama Rangi asikanyage tena hapa. Ofisi nyingine zikisikia, biashara yake kwisha habari."

Niliingia stoo ya mafagio nikapiga magoti. Nikinyamaza, kazi yangu ipo na wanangu wanakula. Nikisema, sijui. Nikamwambia Mungu, "Wewe unaona." Nikanyanyuka.

Ofisini, bosi alikuwa anafoka. Mama Rangi kasimama, mkoba kifuani kama mtoto aliyefukuzwa shule.

"Ni mimi, bosi," nikasema. "Sikuwa na chuki. Yule ni mume wangu. Nilikuwa namsafisha."

Bosi akavua miwani. Habari ya kushusha picha ikaishia hapo.

"Wewe ndiye mjane wake?" Mama Rangi akauliza. Hakuwa anajua.

"Ndiyo. Mungu akubariki, mama. Ulimchora akisali."

Akakaa chini, sakafuni kabisa, na suti yake.

"Dada yangu, hakuwa anasali."

Nikamsogelea.

"Asubuhi ile nilimkuta hivyo hivyo. Nikadhani kasinzia. Nikampita, nikapanda juu, nikapiga simu kumshtaki. Waliotumwa kumwamsha ndio waliokuta kaaga dunia."

"Ukampita," nikasema.

"Miaka tisa nilimpita. Macho nimeyafumba kwenye picha kwa sababu sikuwahi kuyatazama. Sijui yalikuwaje."

Hasira ilinipanda. Angesimama, pengine... Hiyo pengine nalala nayo mpaka leo.

Kisha nikakaa naye pale sakafuni.

"Toa penseli," nikamwambia. "Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Akicheka, lilifumba lenyewe."

Akachora. Machozi yanadondoka kwenye karatasi.

Mzee wangu yupo ukutani tena, macho wazi. Simgusi. Bosi kanipa brashi ya manyoya, nafuta fremu tu.

Kama nimemsamehe yule mama, sijui. Namwombea. Hilo naliweza.

Na wewe unayesoma, kesho ukifika kazini, mtazame aliyekaa mlangoni. Wangu namsalimia kila siku, haitikii. Wako msalimie, na usiondoke mpaka aitikie.